Tusihamishie stoo zetu kwa yatima

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Najua mnapenda barua fupi ila hii haitakuwa fupi, we kata tu pale utakapoona panachosha.

Mwezi wa tatu mtoto wa dada'ngu alipata chuo hapa Dar akitokea Songea, na mimi kwa kiherehere changu nilishasema aje tu, chumba kipo. Chumba kipo kweli, ila kina kama miaka tisa hakijalaliwa na binadamu. Sisi tunakiita stoo. Siku nakwenda kukifungua mlango ukagota katikati, nikapenyeza kichwa na tochi ya simu ndo nikaona tulichokuwa tunakilea humo ndani. Feni tatu, moja haina kichwa. Deki ya DVD. Rimoti kumi na nne, nilizihesabu, na sebuleni tuna TV moja. Jagi la brenda bila brenda. Jiko la mchina halina tambi hata moja. Magodoro mawili yamekunjwa na kufungwa kamba, begi la kuvuta limejaa madaftari ya mwanangu wa kwanza ya darasa la pili na mwenyewe sasa hivi ana ndevu, ndoo za rangi, viatu vya kila aina vingine kimojakimoja, na katikati, imekaa kama mwenyekiti wa kikao, TV ya chogo ya inchi 21.

Na mifuko. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki kuanzia tarehe 1 Juni 2019 tukasema afadhali, sasa kwangu kuna mfuko mbadala mkubwa umejaa mifuko mbadala midogo, na nikiuliza nyumba zingine naambiwa hivohivo.

Hapa Tabata chumba kimoja mtu anakipanga kwa hela ya maana, tena analipa miezi mitatu au sita kwa mkupuo, sisi chumba chetu tumempangisha feni bovu bure. Baba watoto alipoona natoa vitu nje akaja na msemo wake, akiba haiozi. Nikamgeuzia godoro. Upande wa chini lilishakuwa jeusi, panya wamechimba handaki wakatokea upande wa pili. Nikamwambia akiba haiozi baba, ila godoro linaoza. Akacheka, akachukua rimoti moja akarudi nayo ndani, mpaka leo sijui ya nini.

Sasa nieleze aibu yangu, maana ndo iliyonifanya nishike kalamu.

Jumamosi ile nilijaza viroba vitano. Sikuchambua kitu. Nikiona nguo nasukumia, kiatu nasukumia, mdoli hana mkono nasukumia, na moyoni najisikia vizuri kabisa, najiambia hii ni sadaka, tena mwezi wenyewe ni wa Ramadhani. Nikaita bajaji, haooo mpaka kituo kimoja cha kulelea watoto yatima, jina nakihifadhi. Nikapokelewa na mlezi wao, mama mtu mzima mpole, akaniambia karibu mama, keti, tuangalie pamoja.

Hapo ndo nilitamani bajaji iwe bado ipo nje.

Akafungua kiroba cha kwanza juu ya mkeka. Shati la shule lina wino wa peni mfukoni na halina vifungo. Jinzi zipu imekufa. Kiatu cha kushoto namba 38, akatafuta cha kulia, akaingiza mkono mpaka chini ya kiroba taratibu bila haraka, hakukipata, akakiweka pembeni. Akatoa kingine, nacho cha kushoto. Watoto wawili wadogo walikuwa wamesimama mlangoni wanaangalia, kila anachotoa wanasogea kidogo, kila anachoweka pembeni wanarudi. Halafu akatoa nguo ya ndani. Akaikunja haraka akairudisha chini ya zingine ili nisione kwamba ameona. Jamani. TBS, shirika letu la viwango, wamekataza nguo za ndani za mitumba zisiingie nchini, mimi nimepanda bajaji nimewapelekea watoto yatima za kwangu.

Alichopokea kwa viroba vyote vitano hakikufika hata nusu ya kiroba kimoja. Akaniambia mama usijisikie vibaya, njoo nikuonyeshe. Nyuma ya jengo kuna rundo limenifikia kifuani, midoli ya manyoya imelowa mvua, kibodi za kompyuta, masofa yametoka mbavu, godoro tena. Akasema hizi zote ni sadaka za watu, na kila baada ya muda tunalipa gari la taka lije lizizoe, hela ileile ya mchele. Yaani wanalipa ili waondolewe sadaka. Nikamuuliza sasa mnahitaji nini, akataja bila kufikiri kama mtu aliyekaririshwa, mashuka, neti, sabuni ya unga, madaftari, taulo za kike kwa wale mabinti wakubwa, sufuria za kupikia watu sitini. Akasema watu hawapigi simu. Wakipiga tungewaambia.

Njiani nikirudi na viroba vyangu vinne na nusu, dereva wa bajaji ananiangalia kwenye kioo wala haniulizi, nikawa naiwaza Tabata yenyewe. Wenyeji wa zamani wanajua, hapa palikuwa jalala la jiji zima. Moshi mchana na usiku, inzi, harufu mpaka kwenye chai. Wananchi wakaishtaki halmashauri ya Jiji, kesi ya mwaka 1988, wakashinda, taka zikaambiwa zisimwagwe tena hapa. Basi zikahama. Zikapelekwa Kunduchi Mtongani, watu wa Mtongani nao mwaka 1991 wakaenda mahakamani na yao. Zikaja Vingunguti, zikaenda Mtoni, siku hizi ziko Pugu Kinyamwezi. Taka za Dar zimekuwa kama mpangaji mkorofi, kila mtaa anafukuzwa na kila mtaa anapata pa kuhamia. Na mimi kwa udogo wangu nilikuwa nafanya kitu kilekile, nimetoa jalala chumbani kwangu nikalihamishia uani kwa yatima halafu nikategemea niambiwe Mungu akubariki.

Hata mitumba ukiiangalia vizuri ni stoo za wenzetu. Mtu wa Ulaya au Marekani anasafisha kabati lake, anaweka kwenye boksi la msaada, anajisikia vizuri kama nilivyojisikia mimi, na kule mbele ya safari linafunguliwa belo soko la Karume hapa Dar. Mimi siipingi mitumba, nimesomeshwa na mitumba, na nchi zetu za Afrika Mashariki zilivyokubaliana mwaka 2016 kwamba ifikapo 2019 mitumba iwe imekwisha mimi nilikuwa miongoni mwa walionuna (Rwanda ndo ilikaza kweli, Marekani ikaisimamishia kwenye nguo nafuu ya AGOA, ule mpango wa kuuza kwao bila ushuru, mwaka 2018). Ila muulize muuza mtumba yeyote akikata kamba ya belo ni nini anakuta chini huko, madoa ya kwapa, sweta la baridi ya theluji, soksi moja. Hasara ni yake. Hivo tukilalamika kwamba wazungu wanatuletea vitu chakavu tujiangalie na sisi tunavyowapelekea watu wa kijijini kila Desemba, maana nako ni kulekule, begi zima la nguo zilizochoka unamkabidhi shangazi na unasubiri ashukuru.

Bibi yangu mzaa mama hakuwa na stoo. Nalisema hili bila kumsifia umaskini, hakuwa na vitu vingi ni kweli, ila vile alivyokuwa navyo vilikuwa na njia ya kupita. Khanga kwake ilianza ya kutokea, harusini na msibani. Ikipauka inakuwa ya nyumbani, ikichoka zaidi inakuwa beleko, kutoka hapo inachanwa nepi, nepi ikitoboka inakuwa kishikio cha sufuria, mwisho wake ni dekio, na dekio likishakuwa nyuzi tupu analitia chini ya mgomba. Miaka na miaka khanga moja. Katambuga za babu zilitokana na tairi, kibatari kilitokana na kopo la maziwa, ndoo ya kisimani nayo mpira wa gari. Leo tunaambiwa hii ni elimu mpya ya mazingira na inafanyiwa semina hotelini.

Basi mara ya pili nikachambua kwa akili yake, kila kitu nakiuliza bado una kazi au umekufa, na kama umekufa nani anakula nyama yako.

Nguo za kuvalika, safi, zina vifungo, niliwagawia watu ninaowajua kwa majina na saizi zao, na nilizifua na kupiga pasi kwanza maana mtu hapewi nguo inanuka stoo. Zilizobaki nikamsubiri dada wa mali kwa mali. Wale wanaopita na mabeseni kichwani unajua, unampa nguo anakupa chombo. Jinzi tatu (ile ya zipu imo, aliiona, akasema zipu ni kazi ya fundi), mashati mawili ya kazini ya baba watoto na suti yake moja aliyoapa kwamba ataingia tena akipungua, vikanipatia beseni la bluu na vikombe viwili. Nikamwomba aniongezee upawa akasema dada yangu unataka nilale njaa. Nikamuuliza hizi unazipeleka wapi. Nzima anafua anauza mnadani, zilizochanika zinanunuliwa na watu wa gereji wanafutia oili. Yaani lile shati la wino nililompelekea yatima kuna fundi wa magari alikuwa analihitaji kweli.

Jagi la brenda lilichukuliwa siku hiyohiyo. Fundi wa hapa mtaani ana mteja mwenye brenda bila jagi, mwaka wa pili huu. Rimoti nazo akachambua tisa akanilipa soda mbili, akanifungulia na zile betri zilizovuja ute mweupe ndani. Godoro ndo lilitaka kutugombanisha, baba watoto alisema mwite kijana wa mkokoteni umpe elfu tatu aondoke nalo. Aondoke nalo kwenda wapi? Bonde la Msimbazi hilo hapo chini. Tunajua magodoro na masofa yanapolala usiku, na mvua ikija kalavati likiziba tunasema serikali haijachimba mitaro. Watu wa Jangwani waliobebwa na maji Desemba 2011 wengine mpaka wakahamishiwa Mabwepande, hawakuzamishwa na mvua peke yake. Mwisho nikamwita fundi wa viti vya bodaboda na bajaji, akaja na kisu kirefu akalikata upande mzima kama mkate akaondoka nao kwa ajili ya siti. Kile cheusi cha panya ndo kilienda gari la taka.

Kijana wa skrepa nilimpenda. Alikuja na mkokoteni, mzani wa kuning'iniza, na sumaku ya spika amefunga kamba anaivuta kama mtu anavua samaki. Anaitembeza juu ya kitu, ikinasa ni chuma, bei ya chini, isiponasa uso unachangamka. Ilipopita juu ya sufuria yangu iliyotoboka haikunasa, nikajua nami leo nina mali. Alminiamu, akasema, mama hii haifi. Na kweli haifi, inayeyushwa ikawa sufuria tena, ikitoboka inayeyushwa tena, na kuiyeyusha hivo kunakula kama asilimia 5 tu ya nishati inayotumika kuitoa kwenye udongo wa mgodini. Feni alizigombania kwa sababu ya shaba iliyo kwenye mota. Mabati na madebe mengine yanaishia kwa mafundi wa Gerezani kule Kariakoo, yanarudi mjini majiko na vikaango, huenda jiko lako la mkaa lilishakuwa debe la mtu.

Ila na kwenyewe kuna la kusema. Nyaya, wengi wanazichoma ili plastiki itoke wabaki na shaba, na moshi ule mweusi ni sumu, wanauvuta wao kwanza halafu sisi na watoto wetu. Mimi nilimwambia yule kijana wa skrepa, mwanangu, nyaya nakupa ila umenye kwa kisu hapahapa nikuone. Akamenya, ilimchukua robo saa akanywa na chai. Friji vilevile, jirani yangu aliuza lake likakatwa mpira wa gesi palepale getini, psssss, likapakiwa, wakati fundi wa mafriji ana mashine ya kuivuta ile gesi, na yale mafriji ya zamani gesi yake ndo ile inayotoboa tabaka la ozoni.

Ndoo za rangi nimepanda mchicha na matembele. Naona watu wanazitumia za maji ya kunywa, mimi siwezi, rangi ni rangi. Chupa za maji nimempa mama anayeuza juisi ya ukwaju, isipokuwa zile zilizowahi kutiwa mafuta ya taa na ile moja ya dawa ya mende, hizo nilizitoboa kwa msumari kabisa asije mtu akaziosha akajidanganya.

Madaftari ya darasa la pili sijayatoa. Nimejaribu mara mbili. Yako chini ya kitanda changu na hayo naomba msinihukumu.

Sasa Mhariri tunakuja kwenye TV ya chogo. Ilinunuliwa mpya, ikatuonyesha mipira miaka yote, usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilipozimwa hapa Dar tukaitafutia king'amuzi ikaendelea, mpaka ilipokuja flati ikasukumwa stoo. Yatima hawaitaki, wana yao nyembamba. Dada wa mali kwa mali alicheka. Wa skrepa alisema anataka koili ya shaba iliyoko shingoni tu, kioo nibaki nacho. Kioo chenyewe kina madini ya risasi ndani yake, kikivunjwa bondeni kitabaki pale na mvua inakipitia. Na hapo sijataja zile betri za rimoti nilizoziweka kwenye chupa, wala tyubu laiti mbili zina zebaki, wala dawa za marehemu mama mkwe zilizoisha muda wake.

Mtaa umejitosheleza kwa karibu kila kitu, fundi yupo, mnunuzi yupo, mhitaji yupo, ni sisi tu hatupigi simu wala hatuchambui. Lakini haya machache yasiyo na mnunuzi hayawezi kuachiwa mama mmoja na dereva wa bajaji. Gari la taka linapita kwetu na ada tunalipa, ila maganda ya ndizi, betri na tyubu laiti vyote vinaingia tumbo moja vinaelekea Pugu. Jumamosi ya mwisho wa mwezi tayari tunatoka kufanya usafi, mafagio yapo, mjumbe anapita kugonga milango. Naiomba halmashauri, kila baada ya miezi mitatu Jumamosi moja kati ya hizo gari lisimame kwenye ofisi ya serikali ya mtaa kwa saa tatu tu, lipokee betri, taa, TV, simu zilizokufa na dawa, liwapelekee wale wenye vibali vya kushughulika na taka za aina hiyo. Na wewe Mhariri, kona kidogo tu ya gazeti kila Ijumaa, vituo vya watoto viandike wiki hii tunahitaji nini na namba ya kupiga. Mashuka manane, sufuria moja. Watu watatoa, watu wetu sio wachoyo, ni wavivu wa kuuliza.

Kijana wa Songea keshahamia chumbani, ameweka meza na kitanda na bado panabaki pa kuswalia. TV tumeitoa barazani. Nimeifunika khanga iliyopauka isipigwe na mvua, na tangu wiki iliyopita kuku wa jirani amekaa nyuma ya chogo lake ana mayai sita, hivo hata likija gari la halmashauri kesho asubuhi nitaomba linisubiri siku ishirini na moja.

Msomaji wenu,
Tabata Kimanga, Dar es Salaam